Upande wa Pili

Mtangazaji wa redio alikuwa akiwauliza watu ni albamu zipi zilizowalea. Hakusema zilizowafurahisha, alisema zilizowalea, kana kwamba nyimbo nazo huchemsha uji. Watu walikuwa wakipiga simu kutoka Lungalunga, kutoka Likoni, kutoka Kinango, na kila mmoja aliitaja albamu yake kwa jina kamili, kama mzazi anayemtaja mwanawe aliyefaulu.

Mwanaima alikuwa amekaa uani kwao Msambweni, miguu ameinyoosha juu ya jamvi, anashona makuti ya kupelekwa kwenye mahoteli ya Diani. Alikunja jani juu ya ufito, akapitisha ukindu, akavuta, akakunja jingine. Ile simu ndogo yenye redio aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Si na wewe upige," alisema mama yake, Bi Biasha, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni. "Nyimbo unazijua wewe."

"Nipige niseme nini, mayo?"

"Hilo nalo neno. Utanyamaza mpaka mtangazaji adhani mtandao umekatika."

Mwanaima alichekea puani. Ilikuwa kweli. Yeye ni yule mtu ambaye akitumwa chumvi, na mwenye duka akakosea akampa sukari, hurudi nyumbani na sukari. Watu wa mtaani walikuwa wameshazoea: akifungua mdomo, wao humsogezea sikio.

Lakini jibu alikuwa nalo. Alikuwa na kanda tatu. Tatizo ni kwamba hakuyajua majina yake, kwa sababu hakuwahi kuziona. Alizisikia tu, ujana wake wote, kupitia ukuta.

Nyumba yao ilikuwa nusu ya nyumba. Zamani ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo na mawe. Mwenyewe alipofariki, warithi waliikata katikati kwa ukuta mnene uliopanda mpaka ukagusa makuti. Nusu moja ikawa ya baba yake Mwanaima. Nusu ya pili iliuzwa, ikanunuliwa na mtu wa Vanga aliyekuja na mkewe, Bi Twaiba. Waume wale wawili walikwisha kufa zamani. Ukuta ulibaki na wajane wawili, mmoja huku na mmoja kule, na ugomvi.

Ugomvi ulianzaje? Bi Biasha alisema ulianza kwa kuku. Watu wengine walisema ulianza kwa maji ya kuoshea samaki yaliyomwagwa mahali pasipostahili. Mwanzo haukujulikana, lakini silaha zilijulikana. Silaha ya Bi Biasha ilikuwa leso. Alikuwa na leso ya kila tusi, na kila alipokuwa na neno na jirani, aliianika moja kwenye kamba, maandishi yakitazama kule. UKICHUNGULIA SANA UTATEGUKA SHINGO, ilisema moja, ya rangi ya machungwa, iliyokaa kambani hata siku za mvua. Silaha ya Bi Twaiba ilikuwa redio kaseti. Aliiweka juu ya kibao, akaisukuma mpaka ikagusa ukuta, akafungua sauti. Na tarabu, kama ajuavyo mtu yeyote wa pwani, haipigwi bure. Wimbo ukifunguliwa kwa sauti kubwa, kuna mtu aliyelengwa. Ukiinuka kuutunza harusini, watu hugeuza shingo kumtafuta ni nani.

Mwanaima alipofika darasa la sita, bibi yake mzaa baba alipooza. Mama yake alikuwa akifua katika nyumba za wageni kule Diani, akitoka asubuhi na kurudi alasiri, siku nyingine akibaki nyumbani. Ilibidi apatikane mtu wa kukaa na mgonjwa. "Utarudi shule bibi akipata nafuu," aliambiwa. Bibi hakupata nafuu. Kitanda chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na Mwanaima alikaa kwenye ukingo wa kitanda hicho akimpepea nzi, akimgeuza ubavu, akimsikiliza akipumua. Wenzake walipita nje na sare zao za buluu wakipiga kelele, kisha kelele zikapotelea barabarani, na ndani kukabaki joto na harufu ya mafuta ya nazi.

Siku moja aliegemeza kichwa ukutani, akasikia ukuta unaimba.

Hakujua aeleze vipi, hata baadaye. Sauti haikutoka upande wa pili, ilitoka mle mle ndani ya udongo, kana kwamba mtu alijengewa humo akiwa hai na hakukasirika. Fidla ilipita vizuri. Ngoma ilipita kama moyo wa mtu mwingine. Sauti ya mwimbaji ilipita ikiwa laini kuliko ilivyotoka, maana ukuta ule ulikuwa na tabia ya kula mianzo ya maneno. Ulimeza herufi ngumu ukaziacha nyepesi zielee. Palipokuwa na shimo, Mwanaima alijaza neno lake. Alikuwa na siku nzima ya kulitafuta.

Betri zilipochoka, yule mwimbaji wa kike aligeuka kuwa mwanamume, kisha akawa jitu lenye usingizi, kisha akanyamaza. Ndipo Mwanaima alipotoka uani na kuziona betri za Bi Twaiba zimepangwa juani dirishani, zinaota jua kama mijusi. Jua likishazishibisha, mwimbaji alirudi kuwa mwanamke.

Kanda zilikuwa tatu, naye akazipa majina. Ya kwanza aliiita Ukungu, kwa sababu ilianza kwa nyuzi za udi peke yake, muda mrefu, kama mtu anayetafuta njia asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri. Hiyo ilikuwa kanda ya mwaka alioacha shule. Ya pili aliiita Mvua. Ilikuwa imechakaa hata kulikuwa na manyunyu ndani yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na Mwanaima aliamini kwa miaka kwamba waimbaji wale walirekodi wakati wa masika, wamejikunyata chini ya bati. Bibi yake alifariki katika siku za Mvua. Siku ya mazishi na siku zote za matanga, Bi Twaiba hakupiga kitu. Ya tatu aliiita Mchana. Ilikuwa na matari na vigelegele, na aliisikiliza katika umri ule ambao msichana hutazama kivuli chake ukutani akageuka kidogo, akatazama tena.

Mwimbaji alimfahamu vizuri. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu, mikono imejaa hina, na alipoimba alifumba macho. Mwanaima alimwona hivyo kila siku. Alijifunza kutoka kwake jinsi ya kungoja, jinsi ya kuinamisha kichwa, jinsi ya kumaliza sentensi taratibu. Wengine walijifunza mambo hayo kwa dada zao.

Kisha aligundua jambo. Mama yake akiwa nyumbani, kanda ilipigwa upande mmoja tu, upande wa maneno makali. Lakini mama akitoka, kandambili zake zikipiga pa, pa, pa mpaka barabarani, palikuwa na kimya kidogo. Tak, mfuniko ulifunguliwa. Tak, ulifungwa. Kanda ilikuwa imegeuzwa. Upande wa pili haukumtusi mtu. Ulikuwa na nyimbo za asumini, za kisima, za msafiri aliyesinzia njiani akaota amefika. Mwanzoni alidhani ni bahati. Ilipokuwa hivyo mwezi baada ya mwezi, alielewa kwamba kuna mtu kule anayejua kuwa mtoto yuko huku.

Siku moja wimbo wa asumini ulipokwisha, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ko. Kisha kanda ikarudishwa nyuma ikilia kama ndege, na wimbo ukaanza upya. Mwanaima alijiogopa mwenyewe kwa siku kadhaa, na hakugonga tena.

Lakini wimbo alioupenda kupita zote haukuwa wa upande wa pili. Ulikuwa wa upande wa kwanza wa Ukungu, na ulianza hivi:

Nina haja na jirani, alo nyuma ya ukuta,
Jicho lake dirishani, sikio linanifata.
Nikicheka yu makini, nikilia amepata.

Alishangaa wimbo mzuri namna ile umefikaje katika upande wa matusi. Alidhani walikosea walipokuwa wakizipanga.

Baadaye aliolewa Kikoneni, na mkulima wa mihogo, mtu mwema. Nyumba ilikuwa peke yake katikati ya shamba, na kuta zake hazikuwa na mtu nyuma yake. Kila alasiri Mwanaima alikaa akaegemeza kichwa. "Unasikiliza nini?" mumewe alimuuliza. Hawakupata mtoto, na mwishowe waliachana bila ya kelele. Aliporudi Msambweni, aliukuta ukuta umenyamaza. Redio ya Bi Twaiba ilikuwa imekufa, na masikio ya Bi Twaiba nayo yalikuwa yamekuwa mazito. Bi Biasha aliendelea kuanika leso zake, kwa mazoea tu, kama mtu anayefagia uwanja usio na majani.

Basi hapo uani, mtangazaji alipokuwa bado anapokea simu, mlango wa uani uligongwa, akaingia Abdulwahab, mwana wa Bi Twaiba, aliyekuwa mlinzi katika hoteli moja ya Diani.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimia." Alisimama akigeuzageuza kofia yake ya kazini mikononi. "Nimekuja kuwaaga. Jumamosi namchukua mama, nakwenda kukaa naye kwangu Ukunda. Nyumba hii tutaipangisha. Nimeona si vizuri aondoke bila ya kuombana radhi, kwa vile mmekaa pamoja miaka mingi."

"Yeye amekutuma?"

Abdulwahab alitazama kinu. "Ameniambia nisije."

"Aa! Sasa hapo nimemtambua." Bi Biasha alitikisa uteo. "Radhi huombewa maiti, mwanangu. Yeye yu hai. Ulimi si anao?"

"Ulimi anao. Sikio ndilo hana."

"Basi msalimie."

Alipokwisha kutoka, Bi Biasha alipepeta kwa nguvu mpaka mchele ukaruka. "Nitapumua," alisema. "Wallahi nitapumua. Miaka yote nimesimangwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Huo wimbo wake wa sina haja na jirani, nikifungua jicho ni huo, nikipika ni huo."

Ukindu ulisimama mkononi mwa Mwanaima. "Nina," alisema.

"Una nini?"

"Wimbo, mayo. Si sina. Ni nina haja na jirani."

Bi Biasha alimtazama kwanza kama anayemtazama mtu mwenye homa. Kisha alicheka. Alicheka mpaka akauweka uteo chini, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Nina? Ni nani atakodi wapiga fidla aende kumwimbia jirani kwamba ana haja naye? Akitaka chumvi si abishe hodi?" Halafu akauimba wote, kutoka mwanzo, mkono kiunoni, kwa sauti iliyonyooka, hakuacha hata pumzi. Sina haja na jirani, alo nyuma ya ukuta. Kwa mtu aliyeuchukia wimbo, aliujua vizuri sana.

Mwanaima aliinamia makuti yake. Alihisi kama mtu aliyekuwa akimwamkia mtu barabarani miaka mingi, kumbe siye. Herufi moja ililiwa na ukuta, naye akaweka yake mahali pake, kisha akaijengea nyumba juu yake, akaishi humo. Aliuimba wimbo moyoni kwa sina. Ulikuwa wimbo mwingine, wenye kucha. Aliurudisha kwa nina. Na hapo akaona kwamba maneno mengine hayakubadilika hata moja. Jicho dirishani lilikuwa ni lile lile. Sikio linalofuata lilikuwa ni lile lile. Sikio hilo lilikuwa lake.

Akajua anataka nini. Alitaka Bi Twaiba ajue, kabla hajaondoka, kwamba palikuwa na mtu nyuma ya ukuta na mtu huyo alisikia. Hilo tu. Kule Ukunda nyumba zilikuwa za mawe na saruji, kuta zake hazipitishi kitu, na mwanamke yule angezeeka humo akidhani miaka yote alikuwa akiupigia udongo.

Siku ya pili, mama yake alipokwenda sokoni, Mwanaima alipika vitumbua, akavitia katika sahani, akazunguka kwa mbele. Hakuwahi kuuvuka mlango ule maishani mwake. Alibisha hodi kwa sauti yake, ambayo hata mwenye masikio mazima asingeisikia, na alipokosa jibu aliona haya kubisha tena. Akasimama tu mlangoni na sahani yake. Bi Twaiba alikuwa ameinamia furushi. Alipogeuka aliruka.

"Subhanallah! Jini na vitumbua!"

"Shikamoo, Bi Twaiba."

"Nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sauti yako nayo iko wapi, mwanangu? Umemwachia mamako? Maana yeye anazo mbili." Akakipokea kitumbua kimoja, akakinusa kwa uangalifu. "Ametia nini humu?"

"Nimepika mimi."

"Nasikia watu wote siku hizi wanasema kama wako ndani ya maji," alisema Bi Twaiba, akakila hata hivyo, akachukua cha pili.

Ndani kulikuwa kudogo kuliko alivyodhani. Kile kibao kilikuwa bado kimesukumwa ukutani, na udongo mahali pale ulikuwa umelainika, unang'aa kidogo, umesuguliwa na redio kwa miaka. Mwanaima aliutazama kama mtu anayetazama mgongo wa nyumba yake mwenyewe. Juu ya kibao kulikuwa na kopo la biskuti lililofunguliwa, na ndani yake kanda tatu.

Alizijua kabla hajaziinua. Alisoma majina na orodha ya nyimbo taratibu, kidole kikifuata herufi. Ukungu kumbe iliitwa Mchokozi Hana Kwao. Mvua iliitwa Wivu Hauna Dawa, na jina la Mchana lilikuwa limefutika. Na mwimbaji alikuwa pale kwenye karatasi, amekaa kitini. Hakuwa mrefu. Alikuwa mnene, mfupi, amevaa miwani mikubwa, mkoba ameukumbatia kifuani kama anayengoja basi na haamini watu wa kituoni. Hakuwa amefumba macho. Alikuwa akimtazama mpiga picha kwa mashaka. Mwanaima aliisogeza kanda karibu na uso, akaona kwamba anampenda zaidi. Mwanamke huyu naye alikuwa na haya.

Bila ya kufikiri aliiweka kanda sikioni.

Bi Twaiba alimwona. "Zimekufa hizo," alisema. "Redio ilizitafuna. Nyingine, za zamani zaidi, nilimpa mkulima mmoja wa Vanga, akaufungulia utepe wake kwenye mpunga kufukuzia ndege. Upepo ukipiga zinavuma vizuri. Chukua, kama unazitaka."

Ilikuwa ni sasa. Mwanaima alifungua mdomo. "Bi Twaiba, mimi nilikuwa..."

"Ehe?" Mzee alimtegea sikio, mkono nyuma yake kama upepeo. Macho yake yalikuwa karibu sana.

"Nilikuwa..." Maneno yalikuja mpaka kwenye meno yakageuka. "Vitumbua vina moto bado. Uangalie."

"Nini kina nini?"

Alitoka na kanda chini ya leso yake, na alipofika kwao alikaa kwenye kile kitanda cha bibi, akajipiga paja. Mama yake alimkuta hapo.

"Umeingia kule," alisema Bi Biasha. Hakuuliza. Alikuwa ameziona kanda.

"Nimeingia."

"Amekwambia nini?"

"Kwamba wewe una sauti mbili."

Bi Biasha aliuma midomo, akageukia kapu lake la soko, akapanga nyanya muda mrefu kuliko nyanya zilivyohitaji.

Jumamosi asubuhi pikapu ilikuja. Vitu vya Bi Twaiba havikujaa hata nusu yake: kitanda, sufuria, mafurushi, kile kibao. Majirani walisimama barabarani wakisaidia kwa macho. Bi Biasha alikuwa mlangoni kwake na ufagio, akifagia kizingiti ambacho kilikuwa kimefagiwa. Kamba yake siku hiyo haikuwa na kitu.

Bi Twaiba alipandishwa mbele, mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya joto. Abdulwahab alikuwa akikaza kamba. Mwanaima alikuja mpaka hapo, akasimama. Yote aliyoyapanga kuyasema usiku kucha yalikuwa hayapo. Akamwona mzee yule anatazama mbele, kioo cha gari kimejaa majani ya mnazi, na akawaza: mimi na mtu huyu hatujawahi kuzungumza. Si kwa maneno.

Aligonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole. Ko.

Mzee hakusikia, lakini bati lilitetemeka chini ya mkono wake. Akageuka.

Mwanaima akaimba. Mbele ya watu, mchana, barabarani, akaimba, macho ameyafumba kama yule mwanamke mrefu ambaye hakuwako. Sauti ilikuwa nyembamba kama ukindu. Tuktuk ilipita ikaikata, yeye akaendelea ng'ambo ya kelele zake. Kijana aliyekuwa akipakia vitu akaacha kukung'uta vumbi mikononi. Abdulwahab akaachia kamba.

Bi Twaiba alikuwa ameinama mpaka nusu ya mwili iko nje ya gari, macho kwenye mdomo wa Mwanaima. "Huo si wangu?" alisema. "Huo si ule wangu? Lakini umeanzaje? Umesema sina au nina?"

"Nina," alisema Mwanaima.

"Sina?"

"Nina."

"Sikusikii, mwanangu. Sina?"

Watu walianza kucheka. Mwanaima alijaribu tena, na sauti ilikuwa imekwisha, imetumika yote, akatikisa kichwa tu kuikataa ile sina, na mzee akadhani amekataliwa yeye. Uso wake ukajikunja. "Ah. Sina," alisema polepole, akaanza kujirudisha kitini. "Ni haki yako. Ndivyo unavyoimbwa."

Ufagio ulianguka.

"Nina, Twaiba!" Ilikuwa sauti ya Bi Biasha, zote mbili. Ilivuka uwanja, ikawavuka watu, ikarusha kunguru kwenye mnazi. "Amesema nina! Nina haja na jirani! Umesikia? NINA HAJA NA JIRANI!"

Mtaa mzima ulimgeukia. Bi Biasha alisikia alichokisema, akatazama huku na huku. "Ni yeye anayesema," aliwaambia watu. "Mimi natafsiri tu."

Lakini Bi Twaiba alikuwa amesikia. Aliwatazama wote wawili, mama na mwana, kwa zamu. "Sivyo uimbwavyo," alisema.

"Najua sivyo! Nisijue mimi, niliyepigiwa?"

"Wewe nilikupigia upande wa kwanza tu, Biasha," alisema Bi Twaiba kwa sauti ya watu wenye masikio mazito, kubwa na tulivu. "Upande wa pili ulikuwa wa mtoto."

"Upande gani wa pili?"

Bi Twaiba hakulisikia hilo. Alikuwa ameunyoosha mkono, na Mwanaima akaushika, ukiwa mkavu na mwepesi, na kidole kimoja kikagonga kiganja chake mara moja. Ko. Kisha Abdulwahab akawasha gari, na mkono ukalazimika kuachwa. Bi Biasha alisogea hatua chache nyuma ya vumbi. "Radhi, Twaiba!" alipiga kelele. "Nasema radhi!" Mkono ulitoka dirishani ukapunga, lakini hakuna aliyejua kama ni kwa neno hilo au ni kwa kila mtu.

Alasiri nyumba ilikuwa na kimya kipya. Mwanaima alikuwa kitandani kwa bibi, kanda tatu mapajani, kichwa ukutani. Nyuma ya udongo hakukuwa na mtu. Mama yake aliingia, akazungukazunguka, akainua kitu akakirudisha. Halafu akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mahali ambapo hakuwahi kuketi mchana, kwa sababu mchana alikuwa kwenye nguo za watu.

"Huo upande wa pili," alisema, akiutazama ukuta. "Ulikuwa ukisemaje?"

"Haukupita wote, mayo. Maneno mengine niliyatia mimi."

"Yatie."

Mwanaima alingoja kwanza, kama udi ulivyongoja mwanzoni mwa Ukungu.

Asumini ya usiku, hainuki kwa haraka,
Waipita kila siku, hujui inakutaka...

Bi Biasha aliinamisha kichwa mpaka nacho kikagusa udongo.

"Ongeza sauti," alisema.

Akaongeza.